Siku ya Tisa

Barrow, saa kumi na moja jioni, tayari giza.
Upepo wa Walney unatikisa kidirisha cha barua mlangoni
kama mtu aliyekuja kudai chake.
Nina dakika arobaini na tano, simu ya kampuni inanihesabia:
vidonge, supu, soksi za kubana miguu,
halafu kitabu.

Kitabu kinene kama tofali la kuchoma,
jalada limeshikizwa kwa gundi ya mabomba.
"Sura ya thelathini na moja, Tatu," anasema Norman Braithwaite,
na jina langu kinywani mwake
linafanana na ile nanga ya wino iliyofifia mkononi mwake.
Macho yake yalibaki karakanani,
miaka thelathini na minane ya kuchomelea nyambizi
ndani ya lile banda linaloziba nusu ya mbingu ya mji huu.

Nasoma.
Majitu ya shaba yanashuka kutoka mwezi wa pili.
Malkia anapanda farasi mwenye mbawa. Farasi ana jina.
Upanga wake una jina. Hata upanga wa babu yake,
uliovunjika kurasa mia mbili nyuma, una jina.
Mpiga baragumu anaanguka kwa sentensi moja,
na sentensi inayofuata inahusu mawingu.
Siku ya kwanza lango linashika.
Siku ya nne lango linashika.
Siku ya sita wanatafuna ngozi za viatu
(napita haraka, supu yake bado haijaisha),
lango linashika.

"Ngoja."
Kila wiki anasema ngoja, hapo hapo.
"Nani alilichomelea?"
Narudi nyuma, napekua. Kuna waganga, kuna wapelelezi,
kuna kunguru anayezungumza, kapewa ukurasa mzima.
Fundi hayumo.
"Siku tisa," anasema, "chini ya nyundo za ukubwa ule.
Mshono ukiwa na tundu la sindano tu, kwisha habari.
Yule mtu aliijua kazi yake.
Nao wanamwimbia farasi."

Jumanne moja basi lilichelewa.
Nikaandika nyuma ya risiti ya duka la dawa,
kwa lugha ya kwetu, kwa mizani ya utenzi:

        Majitu yakaja mbio
        yakapiga kwa vilio
        lango likawa sikio
        lisotaka kusikia.

        Fundi ni nani? Nomani,
        miwani yake usoni,
        cheche zake kiganjani,
        ndiye aliyezuia.

Nikamsomea. Hakuelewa neno ila jina lake.
Lakini kidole kiligonga mkono wa kiti, kikagonga, kikahesabu.
"Nane," akasema. "Kila mstari nane, hakuna uliopinda.
Nani alikata kipimo hiki?"
Nikamwambia: watu, zamani, wengi wao majina hatunayo.
Akacheka mpaka akakohoa, nikamshikia kikombe.
"Wachomeleaji," akasema.

Siku ya kumi hatujaisoma.
Hataki. "Usivuke hapo," ananiambia, "funga kitabu,"
na mimi nafunga, alama yetu ni tiketi ya basi
iliyokaa pale tangu Septemba.

Mimi nimeisoma.
Nilikiazima kitabu usiku mmoja, nikasimama kituoni,
mvua ya ubavu, mwanga wa duka la chipsi,
nikajua kilichoingia, na kilipitia wapi.
Sikupanda basi la kwanza.
Nilitaka kuzichana zile kurasa. Sikuzichana.
Nilimrudishia asubuhi, akakipapasa mgongo
kama anayekagua kazi ya mwenzake,
hakuniuliza kitu.

Simu inatetemeka. Dakika mbili.
Namfunika magoti, nazima taa ya jikoni,
navaa koti ambalo halijakauka.
Niko mlangoni anapoita, bila kugeuza kichwa:
"Bado linashika?"
Najaribu kitasa. Najaribu tena.
"Bado," nasema.